Fulana za Wajukuu: Namna Vainili Inavyoshika Kitambaa

Vainili ya kubandika kwa joto ni plastiki nyembamba yenye matabaka matatu. Juu kuna utando ng'avu wa poliesta, katikati kuna plastiki ya rangi, ambayo ni poliyurithani au PVC, na nyuma kuna gundi kavu isiyonata mkononi. Gundi hiyo ikipata joto la sentigredi 150 hivi hulainika, ikaingia katika nyuzi za kitambaa, kisha ikapoa na kushika. Hakuna rangi ya kusubiri ikauke wala ya kumwagika mkekani, na ndiyo maana bibi aliyeletewa wajukuu asubuhi anaweza kuwarudisha jioni wamevaa fulana walizobuni wenyewe.

Kinachowakosesha wengi ni upande. Mashine ndogo za kukatia, kama Cricut na Silhouette, hukatia upande wa gundi, na kisu hurekebishwa kipasue rangi na gundi bila kutoboa utando. Kwa hiyo mchoro hugeuzwa kwanza kwenye programu, uonekane kama ndani ya kioo. Nyota haitaonyesha kosa. Jina ASHA litasomeka kinyumenyume, na vainili iliyokwisha kukatwa vibaya hairekebishiki. Pasipo mashine, mkasi unatosha, na tena tatizo la kioo halipo: mtoto huchora kwa kalamu juu ya utando ng'avu, vilevile anavyotaka mchoro uonekane, kwa kuwa upande huo ndio utakaoelekea juu. Wino huondoka pamoja na utando. Samaki, embe au dau hukatika vizuri kwa mkasi kuliko herufi nyembamba.

Mashine ikishakata, mabaki yasiyotakiwa hubanduliwa kwa sindano au kindoano. Ni kazi ya subira, mfano wa kuchambua mchele, na macho ya mtoto wa miaka saba aghalabu huishinda miwani ya babu. Vipande vidogo vya ndani ya A, B na O ndivyo husahaulika.

Fulana ya pamba ndiyo rahisi zaidi. Ikiwa mpya, hufuliwa kwanza bila dawa ya kulainisha nguo, kwani pamba ikinywea baada ya kubandikwa, mchoro hujikunja. Jezi za poliesta huhitaji joto la chini, na vainili ya aina yake, kwa sababu rangi ya kitambaa inaweza kupanda ikachafua mchoro mweupe. Naironi ya kawaida ni afadhali iachwe.

Kupiga pasi ni kazi ya mtu mzima. Mjukuu anaweza kuhesabu sekunde. Meza ya kupigia pasi yenye sponji haifai, maana hunyonya mgandamizo. Meza ngumu ya mbao iliyotandikwa kitambaa kimoja cha pamba ni bora. Pasi huwekwa kwenye kiwango cha pamba, bila mvuke. Fulana hupigwa kidogo kwanza ili unyevu utoke, mchoro hulazwa gundi ikiwa chini, kisha hufunikwa kwa karatasi ya kuokea. Hapo pasi hukandamizwa kwa nguvu, bila kuiburuza, sekunde 10 hadi 15 kila mahali, na kuhamishwa kidogo kwa sababu chini ya matundu ya mvuke joto halifiki sawasawa. Pasi ya mkaa inaweza kubandika, lakini joto lake ni la kubahatisha na cheche moja hutosha kutoboa plastiki.

Utando hubanduliwa ukiwa na moto au ukiwa umepoa, kutegemea maelekezo ya vainili yenyewe. Mchoro ukinyanyuka nao, hurudishwa na kukandamizwa tena. Rangi zikipandana, tabaka la chini hupewa sekunde chache tu, kwani litapata joto tena tabaka la juu yake likibandikwa. Vainili ya kumetameta huwekwa juu daima: uso wake una chembechembe, na kitu kingine hakishiki hapo vizuri.

Fulana husubiri saa 24 kabla ya kufuliwa. Hufuliwa ikiwa imegeuzwa ndani nje, kwa maji ya baridi, bila bliichi wala kusuguliwa kwa brashi juu ya mchoro, na pasi hupitishwa upande wa ndani. Ukingo ukianza kubanduka, karatasi ya kuokea na pasi kwa sekunde 10 kwa kawaida huurudisha.