Maji yakigeuka kijani, kaa mbali!

Ushawahi kusikia bustani ya mbwa? Siyo ya kufugia, ni ya kuchezea! Mbwa anafunguliwa kamba, anakimbizana na wenzake, na akisikia joto anajitupa majini. Utasema, "Makubwa haya!" Lakini Marekani ni jambo la kawaida. Wengi wanaishi kwenye maghorofa, na barabarani mara nyingi mbwa lazima afungwe kamba. Bustani ya Ohlone huko Berkeley, California, ni mojawapo ya zile za mwanzo. Ilifunguliwa mwaka 1979.

Kwa nini wawekewe maji?

Wewe ukisikia joto unatoka jasho mwili mzima. Mbwa hawezi. Yeye hutoka jasho kidogo tu, hasa kwenye nyayo, kwa hiyo hujipoza kwa kuhema huku ulimi uko nje. Joto la kawaida la mwili wake ni nyuzi 38 hadi 39 hivi. Likipita 41, ubongo, figo na moyo vinaweza kuharibika, na anaweza kufa. Ndiyo maana bustani nyingine zina mabomba ya kurusha maji au vidimbwi vya saruji, na nyingine ziko kando ya ziwa.

Yaliyotokea Austin

Red Bud Isle ni kisiwa kidogo katika mji wa Austin, Texas. Kimezungukwa na maji ya Lady Bird Lake, bwawa lililotokana na kuzuiwa kwa Mto Colorado. Hapo mbwa wanaruhusiwa kuogelea bila kamba. Mwezi wa Agosti 2019, mbwa kadhaa walikufa baada ya kuogelea katika bwawa hilo. Asubuhi mzima, jioni maiti! Wakuu wa mji wakaifunga bustani. Vipimo vilipofanywa, ikakutwa sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu.

Sumu hiyo ilitoka wapi? Ilitoka kwa vijidudu viitwavyo sianobakteria. Kwa kawaida vimo majini kidogo kidogo. Lakini maji yakipata joto, yakatulia, na yakaingiwa na mbolea za mashambani au maji ya vyoo, vinapata chakula tele na kuzaliana upesi. Baadhi yake hutoa sumu.

Mbwa huathirika upesi kwa sababu hunywa maji akiogelea, kisha akitoka hujiramba manyoya. Mtoto mdogo naye hayuko mbali. Hucheza ukingoni, humeza maji, na mwili wake ni mdogo.

"Sisi yanatuhusu nini?"

Yanatuhusu sana! Vijidudu vya jamii hiyo vipo Ziwa Victoria, katika Ghuba ya Winam kule Kisumu na Ghuba ya Mwanza. Ni maji hayo hayo watu wanayooga, wanayofulia na kuchota ya kunywa. Usivichanganye na magugu maji, ambayo yana majani na maua ya zambarau. Sianobakteria huonekana kama rangi ya kijani iliyomwagwa juu ya maji, au utando mzito wenye harufu mbaya.

Wengine husema, "Si tutayachemsha tu?" Hapana! Kuchemsha huua vijidudu, lakini sumu yake inabaki. Tena vijidudu vikipasuka, sumu zaidi inaingia majini. Sumu nyingine huharibu ini.

Ufanye nini?

- Ukiona maji ya namna hiyo usioge, usinywe, wala usinyweshe mifugo. Si kila maji ya kijani yana sumu, lakini kwa macho huwezi kujua.
- Ukishaingia, jisuuze mara moja kwa maji safi. Ukiona ngozi inawasha, unatapika, unaharisha au kichwa kinauma, nenda zahanati na useme uliingia maji gani.
- Mbwa wako akiingia, msuuze kabla hajajiramba. Akianza kuyumba au kutetemeka, mpeleke haraka kwa daktari wa mifugo.
- Waambie wadogo zako. Wao ndio wanaotumwa maji.
- Mkiwa na klabu ya afya shuleni, zungumzeni na wakubwa wa kijiji au mtaa kuhusu vyoo vinavyovujia ziwani na mbolea inayomwagwa ukingoni.

Kumbuka: mbwa wa Austin hawakujua kutofautisha maji. Wewe sasa unajua.