Hoteli ya Mjini na Wasafiri wa Motokaa

Hoteli iliyoitwa La Salle ilifunguliwa katikati ya mji wa Chicago, nchi ya Marekani, mwaka 1909. Ilikuwa na orofa 22. Siku zile wageni wa mbali walisafiri kwa gari la moshi. Mgeni alishuka stesheni, akachukuliwa pamoja na mizigo yake hadi mlangoni, wala hakuulizwa chombo chake amekiacha wapi, kwa maana hakuwa nacho.

Lakini mwaka 1908 Henry Ford alikuwa ameanza kuuza motokaa yake ya Model T, na bei iliposhuka hata wakulima na makarani waliweza kuinunua. Hapo ndipo taabu ya hoteli za mjini ilipoanza. Njia zilikuwa zimesongana magari ya farasi na tramu, na motokaa haiingii chumbani. Tena motokaa nyingi za siku hizo zilikuwa wazi ubavuni, hivyo msafiri alifika amejaa vumbi toka utosini hadi nyayoni. Aliona haya kupita ukumbini mbele ya mabwana na mabibi waliovaa nadhifu, na kila mtumishi aliyegusa mzigo wake alingoja bakshishi. Wengi waliona heri kupiga hema kando ya barabara.

Mwaka 1918 ilijengwa nyumba ya orofa tano ya kuwekea motokaa za wageni wa La Salle, katika Washington Street, mbali kidogo na hoteli yenyewe. Ni miongoni mwa nyumba za kwanza za namna hiyo katika Marekani. Lilikuwa shauri jema, ila liliponya ugonjwa mmoja tu. Haya na bakshishi zilibaki palepale.

Mwaka 1925 Arthur Heineman, mchora ramani za nyumba, alifungua huko San Luis Obispo, California, nyumba ya wageni yenye mabanda ya motokaa karibu na vyumba. Aliunganisha neno la motokaa na neno la hoteli, likazaliwa jina la moteli. Kisha mwaka 1952 Kemmons Wilson alifungua Holiday Inn ya kwanza, mjini Memphis, ambamo watoto walilala na wazazi wao bila malipo. Sheria ya mwaka 1956 ilileta barabara kuu mpya, na msafiri aliweza kupita mbali bila kufika kabisa katikati ya mji.

La Salle ilibomolewa mwaka 1976. Nyumba yake ya motokaa ilibaki imesimama hadi mwaka 2005.