Risasi Zisizolingana Humwangusha Mlenga Shabaha

Askari yeyote aliyepata kulala kifudifudi katika uwanja wa shabaha anaifahamu hali hii. Amelenga vema, ameshusha pumzi, amevuta kifyatulio bila haraka. Risasi tatu zimekaa pamoja. Ya nne imekwenda juu, ya tano imepotea kando. Papo hapo husemwa kwamba mkono wake ulitetemeka, au kwamba bunduki imechoka. Huenda ikawa kweli. Lakini huenda pia kosa likawa ndani ya sanduku la risasi, mahali ambapo wachache huangalia.

Risasi nzima ina sehemu nne: ganda, fataki, baruti na kichwa. Kichwa cha risasi ya AK, ile ya milimeta 7.62 kwa 39, kina uzito wa gramu 8 hivi na hutoka katika mtutu kwa mwendo upatao meta 715 kwa sekunde. Ikiwa risasi moja itatoka kwa mwendo pungufu ya nduguye kwa meta 15 tu, basi kwa umbali wa meta 300 itaangukia chini zaidi kwa sentimeta zipatazo 5 au 6. Kwa adui aliyesimama wazi hilo si neno. Lakini polisi anayemlenga jambazi aliyemkumbatia mateka hana sentimeta 6 za kupoteza, na juu yake huongezeka makosa ya mtutu na ya mkono wake mwenyewe.

Zamani mababu walishindilia gobori kwa mdeki na kupima baruti kwa kukisia. Walenga shabaha wa Marekani na Ulaya, ambao hukusanya maganda yao ya shaba na kuyajaza tena, walianza kwa kibaba: baruti ikapimwa kwa ujazo. Leo wengi wameacha kibaba na kununua mizani ya umeme. Wamebadili kalibu zinazonyosha shingo la ganda ili kila kichwa kishikwe kwa nguvu ileile na kukaa wima. Tena huchambua maganda kwa uzito. Fedha nyingi hutumika, na yote hayo ni kwa ajili ya jambo moja: risasi ya kumi ifanane na ya kwanza. Baruti nyingi zaidi haileti shabaha. Yaweza kupasua bunduki usoni mwa mwenyewe.

Je, askari anayeishi Mafubira na kushika zamu mjini Jinja aige hayo? Hapana. Sheria ya Silaha ya Uganda ya 1970 haimruhusu mtu kujitengenezea risasi bila leseni. Isitoshe, risasi nyingi za AK zina ganda la chuma na fataki ya namna ya Berdan, ambayo ganda lake lina vitundu viwili vidogo badala ya kimoja katikati, na kuing'oa ni taabu. (Ajabu ni kwamba Berdan alikuwa Mmarekani na Boxer Mwingereza, lakini Wamarekani ndio walioishika zaidi fataki ya Boxer.) Kazi ya mizani na kalibu ni ya viwanda, kama kile cha Luwero Industries huko Nakasongola, Mzinga cha Morogoro, na kile cha Eldoret.

Hata hivyo, ulinganifu uliotoka kiwandani waweza kuharibiwa kambini. Kitako cha ganda huwa na alama za kiwanda na mwaka, na sanduku lina namba ya fungu. Mwenye ghala anayemwaga mabaki ya masanduku matatu katika moja amevunja kazi yote ya kiwanda kwa dakika moja. Mafuta ya bunduki yakipenya kwenye fataki huiua. Risasi zilizoachwa ndani ya gari juani huoka, nayo baruti iliyopashwa moto husukuma kwa nguvu zaidi, na ikipashwa kwa miaka huoza.

Liko jambo jingine linalowahusu polisi hasa. Anayeingiza risasi chembani kila aanzapo zamu na kuitoa kila amalizapo, kisha akairudisha juu ya magazini, huigonga risasi ileile kila siku. Kichwa chaweza kusogezwa ndani ya ganda, na hapo msukumo hubadilika. Risasi hiyo ndiyo itakayotoka kwanza siku ya hatari. Yafaa izungushwe na nyingine, na ikionekana fupi kuliko wenzake itengwe na kurudishwa ghalani.

Wanajeshi wa Uganda walioingia Mogadishu Machi 2007 walitoka nchi ambayo ziwa lake kubwa liko meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, wakafika pwani kwenye hewa nzito na joto kali. Hewa hiyo huipunguza risasi mwendo, joto huiongezea. Kwa meta 100 tofauti haionekani, kwa mbali zaidi huonekana. Kwa hiyo kikosi kinachohamishwa hupasa kurekebisha upya vilengeo vya bunduki zake kikishafika, kwa risasi za fungu lilelile litakalotumika kazini, wala si kwa mabaki yaliyookotwa chini ya sanduku.