Ukulele ya mzazi na mtoto: lipia vipimo, si rangi

Mzazi anayetaka kujifunza ala ya muziki pamoja na mwanawe wa miaka sita au saba huambiwa anunue ukulele, na ushauri huo ni mzuri. Taabu huanza dukani. Hapo zinaning'inia za bluu, za waridi, zenye picha za samaki, za plastiki na za mbao, na muuzaji atasifu mti uliotumika au mng'aro wa vanishi. Hayo yote ni ya pembeni. Kitu cha kwanza cha kulipiwa ni usahihi wa sauti kwenye freti tatu nne za mwanzo, yaani vile vyuma vyembamba vilivyokingama shingoni, kwa kuwa hapo ndipo vidole vya mwanafunzi vitashinda kwa miezi mingi. Kwa watu wawili wanaopiga pamoja jambo hilo lina uzito zaidi kuliko kwa mtu anayepiga peke yake chumbani.

Ukulele ni zao la Hawaii. Agosti 1879 meli ya Ravenscrag ilitia nanga Honolulu ikiwa na wahamiaji kutoka Madeira, kisiwa cha Ureno, na miongoni mwao walikuwamo mafundi samani Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Mafundi hao waliiunda ala mpya kutokana na kigitaa cha kwao kiitwacho machete, na Mfalme Kalākaua akaikaribisha kwenye hafla za kasri lake. Kutoka huko umebaki ufupi wake, na ufupi ndio kiini cha mambo yote yanayofuata. Uzi wa gitaa la kawaida hutetema kwa urefu wa sentimita 65 hivi. Kwenye ukulele ya soprano, iliyo ndogo kuliko zote zinazotumika sana, ni karibu 35. Kwenye ya konseti ni 38. Kwenye ya tenori ni 43. Zote tatu kwa kawaida hutyuniwa sawasawa, G, C, E na A, hivyo mzazi mwenye konseti na mtoto mwenye soprano wataweka vidole mahali pale pale na kutoa sauti ile ile. Baritoni hutyuniwa kwa namna nyingine, kwa hiyo haifai kwa wanaojifunza pamoja.

Ufupi huo una faida iliyo wazi. Uzi wa aina moja ukitakiwa utoe sauti ile ile kwenye shingo ndefu zaidi, mkazo wake hupanda kwa mraba wa urefu: kutoka soprano hadi tenori mkazo huongezeka kwa takriban nusu, na uzi wenye mkazo mdogo hubonyezeka kwa urahisi. Nyuzi zenyewe ni za nailoni au plastiki inayofanana nayo, si chuma, basi ncha za vidole vya mtoto hazichubuki. Freti ya tatu, anapobonyeza kwa kidole kimoja tu ili kupata kodi ya C (sauti nne zinazoitikiana), iko kama sentimita tano na nusu kutoka mwanzo wa shingo ya soprano. Kwenye gitaa kubwa freti hiyo iko sentimita kumi na zaidi.

Lakini ufupi huohuo huyakuza makosa. Wanamuziki huigawa nusu toni katika sehemu 100 ziitwazo senti, na sikio lililozoea muziki hubaini tofauti ya senti tano au sita hivi. Freti ya 12 ikikosewa kwa milimita moja kwenye gitaa, sauti inapotoka kwa senti tano, jambo ambalo wengi hawatalisikia. Milimita hiyo hiyo kwenye soprano inaleta karibu senti kumi. Ubaya mwingine, tena wa kawaida zaidi, uko kwenye kizingiti, kile kipande chenye mifereji minne kinachoshika nyuzi mwanzoni mwa shingo. Mfereji ukichimbwa mno, uzi hugonga freti na kukwaruza. Kwa hiyo viwanda vya bei ya chini huuacha mfereji juu kwa usalama. Uzi ulioinuliwa hivyo hulazimika kuvutika ukibonyezwa, na uzi unaovutika hupanda sauti, hasa kwenye freti ya kwanza na ya pili. Mtoto, ambaye bado hajajua nguvu inayotosha, hubonyeza kwa bidii na kuipandisha zaidi.

Hapo ndipo watu wawili wanapotofautiana na mmoja. Kodi ya F inahitaji uzi wa E ubonyezwe kwenye freti ya kwanza, utoe hezi 349. Ukulele moja ikitoa 349 na nyingine 353, mawimbi hayo mawili huungana na kupingana mara nne kila sekunde, na sikio husikia sauti inayotikisika. Mpigaji aliye peke yake huenda asilitambue kosa hilo. Wawili wanalisikia papo hapo, na mtoto hana njia ya kujua kama mwenye kosa ni yeye, mzazi, au ala. Mpiga udi wa taarabu anaweza kusogeza kidole nukta moja akairekebisha sauti, maana udi hauna freti. Mwenye ukulele amefungwa na kile kilichoamuliwa kiwandani.

Wapo watakaosema kwamba ala nzuri lazima iwe ya mbao nzima. Historia yawakanusha. Mwaka 1949 Mario Maccaferri, fundi wa magitaa mzaliwa wa Italia, aliingiza sokoni Marekani ukulele ya plastiki iitwayo Islander, akauza mamilioni. Freti zake zilitoka kwenye kalibu, hivyo zilikaa mahali pake kila mara. Ubao mzima hutoa sauti yenye utajiri zaidi, sikatai, ila huvimba kwenye unyevu na kupasuka kwenye ukavu. Kwa familia ya Mombasa au Dar es Salaam, au ya Dodoma wakati wa kiangazi, mbao za tabaka zilizogandishwa ni chaguo la busara, na ala isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwani gundi hulegea.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la pesa: mtoto huenda akachoka baada ya wiki tatu, kwa nini asianze na ya kuchezea? Ni hoja ya haki. Tatizo ni kwamba ukulele ya kuchezea haipimi hamu ya mtoto. Vigingi vyake vya kukazia nyuzi mara nyingi havina gia, huteleza, na kila baada ya dakika chache mzazi huanza kutyuni upya. Nyuzi mpya za nailoni huendelea kunyumbuka kwa siku kadhaa hata kwenye ala nzuri; vigingi vikiteleza juu ya hapo, mtoto ataacha, nasi tutasema hakuwa na kipaji. Kinanda cha umeme ndicho mshindani wa kweli, maana hakipotoki sauti kamwe; ila hakibebeki hadi barazani, na watu wawili hubanana mbele yake.

Tusinunue pia kwa ahadi ya akili. Mwaka 2004 Glenn Schellenberg wa Chuo Kikuu cha Toronto aliona alama za IQ zikipanda kidogo zaidi kwa watoto wa miaka sita waliofundishwa muziki, na habari hiyo ikaenea. Uchambuzi wa Giovanni Sala na Fernand Gobet wa mwaka 2020, uliojumlisha tafiti nyingi, ulionyesha kwamba zile zilizofanywa kwa uangalifu zaidi hazioni faida hiyo. Linalonivutia ni jaribio la Sebastian Kirschner na Michael Tomasello la mwaka 2010 huko Ujerumani: watoto wa miaka minne waliocheza muziki wawili wawili walisaidiana zaidi baadaye kuliko waliocheza mchezo usio na muziki. Walikuwa watoto kwa watoto, si mtoto na mzazi. Hata hivyo linaelekea upande ambao mzazi angependa.

Kipimo cha dukani ni rahisi. Tyuni ala nyuzi zote zikiwa wazi, kisha bonyeza uzi wa E kwenye freti ya tano: lazima ulingane na uzi wa A ulioachwa wazi. Bonyeza wa C kwenye freti ya nne: ulingane na E. Bonyeza wa G kwenye ya pili: ulingane na A. Piga nyuzi zote mbili kwa pamoja usikilize kama sauti inatikisika. Ikitikisika, irudishe, hata kama mtoto ameipenda rangi. Na pesa zikitosha ala moja tu iliyo sahihi, nunua konseti, mpokezane: freti yake ya tatu imezidi ile ya soprano kwa nusu sentimita tu, na mkono wa mtoto wa miaka saba unaifikia.