Kinachopasua Bomba Lako Usiku Si Baridi, ni Presha

Bomba likipasuka usiku wa Julai hapa Sironga, ni rahisi kulaumu baridi. Jamaa zetu wanaoishi Minnesota, Marekani, wana haki ya kuilaumu: kule maji huganda ndani ya bomba, na yakigeuka barafu hupanuka kwa takriban asilimia 9. Baridi ya Nyamira haifiki hapo. Hapa kwetu penye milima na mabonde, mshukiwa wa kwanza ni presha ya maji.

Mchana, mifereji ikiwa wazi, presha hupungua. Usiku kila boma likifunga mfereji, maji husimama na uzito wake wote kutoka tangi la mlimani huangukia mabomba ya bondeni. Kila mita 10 za mteremko huongeza takriban bar 1. Nyumba iliyo mita 80 chini ya tangi hupata bar 8, ilhali bomba la plastiki lenye alama ya PN 6 limetengenezwa kuhimili bar 6 pekee.

Hasara si maji yanayomwagika tu. Huduma ikikatika, uchafu wa udongoni unaweza kuingia kupitia ufa, ukiwa na viini vya homa ya matumbo au kipindupindu. Maji yakirudi, huufikisha jikoni.

Wakazi wanashauriwa kufanya yafuatayo:

- Soma alama iliyo kwenye bomba kabla ya kulinunua. Ukiwa bondeni, muulize fundi kuhusu PN 10 au zaidi, au vali ya kupunguza presha.
- Fukia bomba angalau futi 2, na zaidi panapopita magari. Bomba lililo wazi hudhoofishwa na jua na hukatwa na jembe.
- Funga mifereji yote usiku, uandike namba za mita. Zikiwa zimesonga asubuhi kabla hujatumia maji, kuna mahali panapovuja baada ya mita, na bili ni yako.
- Maji yakirudi baada ya kukatika, acha yale ya kwanza yenye tope yatoke, uyatumie shambani. Chemsha ya kunywa.
- Ukiona maji yakibubujika kando ya barabara, piga ripoti siku hiyo hiyo kwa ofisi ya maji iliyo karibu nawe. Usifunge ufa kwa mpira wala nailoni.