Swali Lenye Hukumu Ndani Yake

Tunaposalimiana "Hujambo?" twauliza kama mwenzetu hana jambo. Swali lenyewe hutarajia heri. Ndiyo maana hata mgonjwa hutangulia kujibu "Sijambo", kisha ndipo aeleze maumivu yake. Dhana isiyotamkwa imekwisha kumwonyesha njia ya kujibu.

Lakini dhana ya namna hiyo yaweza pia kudhuru. Katika Injili ya Yohane, sura ya 9, isomwayo Dominika ya 4 ya Kwaresima, Mwaka A, wanafunzi walimwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu: yeye mwenyewe au wazazi wake? Walikuwa wamekwisha kuamini kwamba lazima yupo mkosaji. Kilichobaki ni kumtaja. Yesu hakumtaja yeyote. Aliikataa kwanza dhana yenyewe, kisha akamfumbua macho yule kipofu.

Nasi hapa Chitete, mtoto akizaliwa na ulemavu, tusijidanganye: twaweza kuuliza, "Nani amemroga?" Ajibuye kwa kutaja jina amekwisha kumhukumu jirani, pengine bibi kizee asiye na mtetezi. Hata ajibuye "Sijui" amekubali kwamba mchawi yupo, ila hajajulikana.

Basi, ndugu makatekista, tukiulizwa hivyo tusikimbilie kujibu. Tuseme kwa upole kwamba hakuna aliyemroga, kisha nasi tuulize: "Mtoto huyu tumsaidieje?" Ndivyo alivyofanya Bwana: hakutafuta mkosaji, alimhudumia mtu.