Mchungaji hutumwa, haajiriwi

Meru tunayoijua wengi wetu huku Pwani ni ya miraa. Lakini tuna uhusiano mwengine nao wa zamani. Kanisa la Methodisti, ambalo leo ngome yake ni Meru, lilianzia kwetu Ribe mwaka 1862, na Meru likafika 1912, pale Kaaga. Embu utakuta Waanglikana zaidi, kwa sababu wamishonari waligawana maeneo.

Nilimuuliza mchungaji mmoja wa Kimethodisti, aliyetumikia Meru na Embu, swali la kidunia: nani anaweza kumfuta kazi? Alicheka, akasema jibu ni gumu kwa sababu hajui kama ameajiriwa.

Akanieleza utaratibu wao. Makanisa kadhaa hufanya sakiti moja, sakiti huingia chini ya sinodi, na juu kabisa kuna Konferensi, mkutano wa wachungaji na waumini wa kawaida chini ya Askofu Mkuu. Mchungaji haombi kazi kanisani kama mwalimu aombavyo shule. Hupangiwa kituo, na akihamishwa huhama. Hayo ni mambo ya John Wesley, aliyewazungusha wahubiri wake ili wasizoee mahali pamoja. Kenya ilipata Konferensi yake 1967, mzunguko ukabaki.

Kuhama si tatizo, asema. Wasiwasi wake ni nyumba. Anayoishi ni ya kanisa, kwa hivyo akisimamishwa hupoteza mshahara na paa siku moja, na watoto wako shuleni.

Sheria ya Ajira ya 2007 yasema kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na mfanyakazi hafutwi kwa utovu wa nidhamu kabla ya kuelezwa kosa na kusikizwa, akiwa na mwenzake kando. Kinga nzuri hiyo, ila ni ya aliyeajiriwa. Uingereza, kanisa mama, mchungaji Haley Preston alidai aliachishwa kazi kinyume cha sheria. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ikaamua, majaji wanne kwa mmoja, kwamba hakuwa na mkataba wa ajira: kazi yake ilitokana na katiba na kanuni za kanisa. Uamuzi huo haulazimishi korti zetu, lakini mawakili hupenda kuutaja.

Mchungaji wangu hataki hakimu awe askofu. Ataka kanuni za kanisa zenyewe ziseme wazi nani humshtaki, nani humsikiza, na akae nyumbani muda gani rufaa ikiendelea. Naona ni ombi la haki kabisa, na kanisa lenye mikutano mingi hivyo haliwezi kushindwa kuliandika.

Usiseme hayo ni ya Wakristo. Imamu wetu huwekwa na kamati kwa maneno ya mdomo baada ya Ijumaa. Kamati ikibadilika, au akigusa jambo la mtu mkubwa kwenye hotuba, aambiwa ashukuru kwa kipindi alichokaa. Mwalimu wa madrasa ndiyo usiseme, yeye hata konferensi ya kukatia rufaa hana.

Niliporudi niliuliza maimamu watatu kama wana barua ya kazi. Mmoja ndiye aliyekuwa nayo, na haikutaja mshahara.